Maji ya dripu yana kipimo chake

Ndugu msikilizaji, juma hili napenda tuzungumze juu ya maji. Si maji ya bomba wala ya kisima, bali yale yaliyomo ndani ya miili yetu, na yale tunayoongezewa hospitalini kwa chupa na mpira. Katika miji yetu imejengeka imani kwamba mgonjwa ambaye hakutundikiwa dripu hajatibiwa. Mtu akichoka anataka dripu. Mtoto akipata homa, mzazi anauliza dripu iko wapi. Muuguzi akimpa pakiti ya ORS, mzazi huondoka akinung'unika kwamba amedharauliwa kwa kuwa hana fedha.

Imani hiyo haiko mijini tu. Nilipopita Dongobesh, katika barabara itokayo Mbulu mjini kwenda Haydom, bibi mmoja aliniuliza swali zito. "Mwanangu," alisema, "mjukuu wangu wa kwanza aliharisha, akanyweshwa maji ya pakiti, akapona. Wa pili alishikwa na homa kali, mikono ikawa ya baridi. Huyo akawekewa maji ya chupa, lakini tone kwa tone. Nikagombana na tabibu. Kwa nini anabania maji, na chupa imejaa?"

Mjukuu wa pili naye alipona. Lakini swali la bibi lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani, maana hata mabingwa wa tiba duniani walikuwa na jibu lisilo sahihi kwa miaka mingi. Jibu sahihi lilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki.

Tuanze na mwili wenyewe. Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji, na kwa mtoto mchanga ni kama robo tatu. Lakini si maji matupu. Yamechanganyika na chumvichumvi, na kila moja ina mahali pake. Sodiamu, ambayo tunaipata katika chumvi ya mezani, hukaa zaidi nje ya seli, katika damu na majimaji yanayozizunguka. Potasiamu, ambayo tunaipata katika ndizi, viazi na maharage, hukaa zaidi ndani ya seli. Tofauti hiyo ya nje na ndani ndiyo inayowezesha neva kupeleka habari, misuli kukaza na moyo kupiga.

Hesabu hiyo ina mipaka myembamba. Maabara ikipima damu, hutarajia sodiamu iwe kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita, na potasiamu kati ya 3.5 na 5. Sodiamu ikishuka sana, ubongo huvimba na mgonjwa anaweza kupata degedege. Potasiamu ikishuka, misuli hulegea. Ikipanda mno, moyo unaweza kusimama. Figo ndizo zinazotunza hesabu hii usiku na mchana, kwa kuamua kipi kibaki na kipi kitoke katika mkojo.

Mtoto anapoharisha, hapotezi maji peke yake. Sodiamu na potasiamu hutoka pia. Ndiyo maana kumnywesha maji matupu kwa wingi hakutoshi, na kunaweza kuizimua damu yake. Na chumvi ikizidi katika maji anayopewa, hiyo nayo ni sumu.

Hapo ndipo sukari inapoingia. Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza kwamba katika ukuta wa utumbo sukari ya glukosi na sodiamu hupita pamoja, kama abiria wawili wenye tiketi moja. Vikishapita, maji huvifuata. Mlango huo hubaki wazi hata mtu anapokuwa na kipindupindu. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa vita vya Bangladesh huko Bangaon, India, dripu zilipokaribia kwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwapa wagonjwa mchanganyiko wa glukosi na chumvi wanywe. Vifo vilivyokuwa kiasi cha 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4.

Pakiti ya ORS ya leo, kwa lita moja, ina gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 1.5 za chumvi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti. Kwa hiyo yule mjukuu wa kwanza wa Dongobesh hakupewa tiba ya maskini. Alipewa tiba iliyopimwa kwa gramu.

Sasa tuje kwa mjukuu wa pili. Mtoto mwenye homa kali, mikono na miguu ya baridi na mapigo dhaifu, damu yake haizunguki sawasawa. Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vya Ulaya na Marekani vilielekeza kwamba mtoto kama huyo aongezewe maji mengi upesi kupitia mshipa. Ilionekana ni akili ya kawaida. Lakini hakuna aliyekuwa ameipima akili hiyo kwa utafiti mkubwa wa kulinganisha.

Utafiti huo ulianza mwaka 2009 katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, na Teule, Muheza, hapa Tanzania. Uliitwa FEAST na uliongozwa na Profesa Kathryn Maitland. Watoto wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa maji ya haraka, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito, ama ya chumvi au yenye protini ya albumini. Wengine walipewa maji ya pole pole tu. Wote walipata dawa nyingine zilizohitajika. Zaidi ya nusu yao walikuwa na malaria. Watoto wanaoharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa, na hilo tulikumbuke.

Ilikusudiwa kufikisha watoto 3,600. Januari 2011 kamati ya kusimamia usalama iliamuru utafiti usimamishwe, watoto wakiwa 3,141. Katika saa 48 za kwanza, kati ya kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka walikufa kati ya 10 na 11. Kati ya wale wa pole pole walikufa 7. Yaani yale maji yaliyotegemewa kuokoa yalikuwa yakiongeza vifo vitatu katika kila watoto mia.

Kwa nini? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba maji ya haraka yaliizimua damu, yakapunguza wekundu wake unaobeba hewa, yakaongeza kloraidi na kuifanya damu kuwa na asidi zaidi. Kumbuka kwamba lita ya dripu ya chumvi ina milimoli 154 za kloraidi, wakati damu yenyewe ina kiasi cha 100. Mtoto ambaye malaria imekwishamla damu hana akiba ya kuhimili hayo. Mwaka 2017 utafiti wa Lusaka, Zambia, kwa watu wazima wenye maambukizi makali na shinikizo la damu la chini, nao ulionyesha vifo vingi zaidi kwa waliopewa maji mengi mapema.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake: mtoto mwenye homa ambaye hajatimiza dalili zote za mshtuko asipewe maji ya haraka. Tabibu aliyedondosha tone kwa tone hakuwa mchoyo. Alikuwa anafuata kilichojifunzwa Muheza, Kilifi na Mbale.

Lakini naomba nisieleweke vibaya. Dripu si adui. Mtoto aliyeharisha mpaka macho yameingia ndani, ngozi ukiifinya hairudi upesi, na hawezi kunywa, anahitaji dripu, tena haraka. Mgonjwa wa kipindupindu aliyekauka hivyo naye ni hivyo hivyo. Ugonjwa ndio unaoamua njia, kiasi na mwendo. Si hamu ya mgonjwa, wala unene wa pochi yake.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, weka pakiti mbili za ORS nyumbani, na uzichanganye katika lita moja kamili kwa kila pakiti, si katika kikombe. Mnyweshe mtoto kidogo kidogo mara tu anapoanza kuharisha, na mama asiache kunyonyesha. Uliza pia vidonge vya zinki. Mtoto akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, usingoje kesho, mpeleke kituoni. Na ukifika huko, usimshinikize mtumishi aongeze kasi ya chupa, wala usiifungue kamba mwenyewe. Muulize kwa utaratibu, "Mtoto wangu anapewa maji kiasi gani, na kwa nini?" Ni haki yako kujibiwa.

Hadi juma lijalo, nawatakia afya njema.