Nyumba na Masika (2): Usipake Rangi Ukuta Wenye Maji

Juma lililopita tulieleza njia ambazo maji hupitia kuingia nyumbani: paa, madirisha, msingi na mto uliovunja kingo. Leo tuangalie siku zinazofuata, maji yakishatoka na wenye nyumba wakianza kufagia. Nyumba iliyoondokewa na maji haijawa kavu bado, na hasara nyingi huanzia hapo, kwa pupa ya kutaka mambo yarudi yalivyokuwa.

Kabla ya fagio kuna umeme. Usikanyage maji yaliyotuama huku soketi zimelowa. Zima swichi kuu ikiwa unaweza kuifikia ukiwa umesimama pakavu; usipoweza, wapigie simu watu wa shirika la umeme waje wakate. Friji, pasi na soketi zilizoingiwa na maji zisiwashwe mpaka fundi umeme azikague. Kisha piga picha kila chumba, pamoja na alama ya kimo cha maji ukutani. Mwenye bima atazihitaji, na mpangaji naye zitamfaa atakapozungumzia matengenezo na mwenye nyumba.

Sasa jiulize ni maji gani yaliyoingia. Ya bomba lililopasuka huwa safi kwa saa za mwanzo, lakini ya mafuriko ni habari nyingine. Katika Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, na mitaa mingine isiyounganishwa na mabomba ya majitaka, vyoo vya shimo hufurika, na wapo wanaongojea mvua ili watapishe vyoo vyao. Matope yanayobaki sakafuni yanaweza kuwa na vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo. Mkojo wa panya nao huweza kuleta homa ya mgunda, ile iliyozuka Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022. Vaa buti na glavu, watoto wakae mbali, na matope yazolewe yangali mabichi kabla hayajageuka vumbi. Osha kwa sabuni kwanza, dawa ya klorini ifuate, kwa sababu klorini ikikuta uchafu mwingi hupoteza nguvu. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Godoro la sponji lililolowa maji ya namna hiyo ni la kutupwa. Bei yake inajulikana na uchungu wake unaeleweka, lakini jua likikausha kitambaa cha juu haliondoi kilichozama ndani.

Adui wa pili ni kuvu. Mbegu zake zimo hewani siku zote, zikingoja unyevu, na zikiupata zinaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2009 unahusisha nyumba zenye unyevunyevu na kuvu na matatizo ya kupumua na kuzidi kwa pumu. Basi siku mbili za mwanzo zitumie kukausha. Sogeza makochi mbali na ukuta, fungua makabati, chomoa droo. Bodi ya jipsamu iliyolegea darini ishushwe isije ikaangukia watu. Madirisha yafunguliwe jua linapotoka na yafungwe mvua inaporudi, maana hewa ya masika yenyewe imejaa maji.

Kuvu ikishaonekana, usiipulizie feni wala usiifagie kavu, utaisambaza nyumba nzima. Vaa barakoa, sugua kwa maji na sabuni. Mwenye pumu asishiriki. Klorini kwenye lipu mara nyingi hufifisha weusi wa juu tu, na unyevu ukibaki kuvu itarudi.

Lakini jambo linalowagharimu wengi ni ukuta. Tofali la saruji lina vitundu vidogo visivyohesabika, nalo hupandisha maji kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Ndiyo maana ubichi huonekana juu ya kimo ambacho mafuriko yalifikia. Maji hayo hupanda na chumvi. Yakikauka, chumvi hubaki ndani ya lipu, ikaisukuma na kuimenya. Ukipaka rangi ya mafuta wakati huo, unayafungia maji ndani, na baada ya muda rangi itavimba malengelenge.

Kadirio linalotumiwa sana na wataalamu wa majengo ni takriban mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene wa ukuta. Kwa tofali la inchi 6, hesabu ni ya miezi. Kuna kipimo rahisi: bandika kipande cha nailoni angavu ukutani, uzibe kingo zote kwa selotepu, ukiache siku nzima. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta bado una maji. Wenye nyumba za mawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, wazibe mabaka kwa chokaa, kwani lipu ya saruji huzuia kuta hizo kupumua.

Kwa walio pwani, ukuta uliolowa Aprili usubiri kipupwe, kuanzia Juni, hewa inapokuwa kavu zaidi. Fedha za rangi zitumike kwanza kuziba njia yalikopita maji. Namna ya kuitafuta njia hiyo, kuanzia mfereji wa paa hadi msingi, ndiyo mada ya juma lijalo.