Chungu Kimoja kwa Nyumba Nzima: Mapishi Yamfaayo Mwenye Kisukari

Wanachama wengi waliojiunga na vyama vya msingi wakiwa vijana sasa ni wazee wenye wajukuu. Miongoni mwao wako wanaoishi na ugonjwa wa kisukari, na wako wengine walio nao bila kujua, kwa kuwa ugonjwa huu waweza kukaa mwilini miaka mingi pasipo maumivu. Usipoangaliwa huharibu macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu ya miguu. Kidonda kidogo alichokipata mtu shambani bila kukihisi huweza kuishia kwa kukatwa mguu. Mkulima aliyepoteza mguu hawezi tena kupogolea kahawa yake kwenye mteremko, na fedha ambazo zingenunua pembejeo huishia kwenye matibabu. Kwa hiyo jambo hili si la hospitali peke yake. Lahusu shamba, nyumba na chama.

Wengi hurudi kutoka kliniki wakiwa na agizo la kubadili chakula, lakini hawalifuati kwa muda mrefu. Sababu si ukaidi. Kile kinachopikwa kwa jina la chakula cha mgonjwa aghalabu ni mboga iliyochemshwa kwa maji matupu, isiyo na harufu wala ladha. Tena mgonjwa hupikiwa sufuria yake ndogo na kula peke yake, hali wengine wakila pamoja. Baada ya wiki chache huchoka, akairudia sahani ya zamani kwa siri. Makala hii yaeleza namna ya kupika chungu kimoja kinachomfaa mwenye kisukari na kupendwa na nyumba nzima. Makatibu wanaombwa kuisoma kwa sauti katika mikutano ya wanachama, mbele ya wanawake na wanaume pia.

UGONJWA WENYEWE

Chakula cha wanga, kama ugali, wali, ndizi, viazi na mihogo, husagwa tumboni kikawa sukari iingiayo katika damu. Kongosho hutoa insulini, nayo ndiyo iifungulia sukari mlango iingie katika misuli na viungo vingine ili itumike kama nguvu. Kwa mwenye kisukari, ama insulini haipo, ama ni haba, ama mwili hauitii ipasavyo. Sukari hubaki katika damu na kuidhuru mishipa. Kipimo cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, kabla ya mtu kula chochote asubuhi, huonyesha kisukari, na kwa asiye na dalili kipimo hicho hurudiwa siku nyingine ili kupata hakika.

Kabla ya mwaka 1922, wakati insulini ilipoanza kutumika kutibu watu huko Toronto, Canada, mtoto mwenye kisukari cha kukosa insulini hakuwa na tumaini la kuishi. Leo dawa zipo. Lakini dawa haifanyi kazi yake vizuri ikiwa kila mlo unaleta sukari nyingi kuliko uwezo wake. Hapo ndipo jiko linapoingia.

Ieleweke pia kwamba ugonjwa huu si laana wala adhabu. Huwapata wanene na wembamba, wazee na watoto. Kumlaumu mgonjwa hakumpunguzii sukari hata chembe.

SAHANI IGAWANYWE

Kosa la kwanza linalofanyika ni kudhani kwamba adui ni sukari ya kijiko tu. Mtu huacha sukari katika chai, kisha akala mlima wa ugali na kijiko cha mboga kandoni. Wanga huo wote utakuwa sukari muda mfupi baadaye.

Kanuni iliyo rahisi kukumbukwa ni hii: nusu ya sahani iwe mboga, kama mchicha, matembele, majani ya maboga, kabichi, bamia, bilinganya au nyanya chungu. Robo iwe maharage, kunde, choroko, samaki, dagaa, yai au nyama isiyo na mafuta mengi. Robo iliyobaki iwe wanga. Asiye na sahani ya kupimia atumie mkono wake: ugali usizidi ngumi yake mwenyewe, nyama au samaki awe kiasi cha kiganja, na mboga zijaze viganja viwili.

Unga wa dona ni bora kuliko sembe kwa sababu una pumba na kiini cha hindi, navyo hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Vivyo hivyo mtama na ulezi usiokobolewa. Lakini dona si dawa. Ugali wa dona ukilika bila kipimo utapandisha sukari kama ugali mwingine. Yafaa pia mlaji aanze na mboga na maharage, kisha wanga ufuate.

LADHA HUTOKA WAPI

Wapishi wengi huamini kwamba chakula kisicho na mafuta mengi, chumvi nyingi au sukari hakiwezi kuwa kitamu. Imani hiyo haina msingi. Ladha ina njia zake, na mpishi akizijua hatahitaji kumwaga mafuta.

(a) Kitunguu maji kikikaangwa polepole kwa moto mdogo mpaka kiwe rangi ya kahawia hutoa utamu wake chenyewe. Moto mkali hukiunguza kabla utamu haujatoka.

(b) Harufu ya viungo huyeyuka zaidi katika mafuta kuliko katika maji. Kwa hiyo binzari nyembamba, binzari manjano, tangawizi na kitunguu saumu vitiwe katika mafuta kidogo kabla ya maji au nyanya. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta chatosha kubeba harufu ya viungo vya chungu kizima. Binzari nyembamba ikikaushwa kwanza juu ya kikaango kisicho na mafuta, kisha ikatwangwa, harufu yake huongezeka sana.

(c) Uchachu huamsha ulimi. Ndimu, ukwaju au embe bichi vikitiwa mwishoni, chakula chenye chumvi chache huonekana kimekolea. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Chumvi itiwe chakula kikikaribia kuiva, isije ikatiwa mara mbili kwa kusahau. Magadi nayo yana sodiamu kama chumvi, hivyo yahesabiwe.

(d) Karanga zilizosagwa na tui huongeza utamu wa mboga, lakini zina mafuta mengi. Vijiko viwili vikubwa vya karanga vyatosha mboga ya watu sita, na tui jepesi litumike mahali pa tui zito.

MAHARAGE YA WATU SITA

Nusu kilo ya maharage makavu iloweshwe usiku kucha. Asubuhi maji hayo yamwagwe, yatiwe mengine, na maharage yachemke sawasawa mpaka yalainike. Katika sufuria nyingine vitiwe vijiko viwili vikubwa vya mafuta na vitunguu viwili vilivyokatwa, vikaangwe kwa moto mdogo. Vikishabadilika rangi, zitiwe punje nne za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi kiasi cha kidole gumba, vyote vikiwa vimetwangwa, pamoja na kijiko cha chai cha binzari nyembamba. Baada ya dakika moja zifuate nyanya nne zilizokatwa, nazo ziachwe ziive mpaka zivunjike na kuwa nzito. Hapo maharage yatiwe pamoja na supu yake, yachemke kwa muda wa robo saa, na machache yapondwe kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa chungu chote. Sufuria ikiisha kuepuliwa, ikamuliwe ndimu moja na kunyunyiziwa majani ya giligilani.

Maharage haya hayana kitu cha mgonjwa ndani yake. Watoto watayala, wageni watayala, na mwenye kisukari atakula pamoja nao bila kuonewa huruma. Tofauti iko katika upakuaji tu: yeye atapakuliwa mboga nyingi, maharage ya kutosha na ugali wa ngumi moja.

KIBURU NA MTORI

Katika vijiji vya Kilimanjaro ndizi ni chakula cha heshima, na kumwambia mzee asile ndizi ni sawa na kumfukuza nyumbani kwake. Haihitajiki afukuzwe. Ndizi mbichi ni wanga, basi ihesabiwe kama wanga. Katika kiburu, ambacho ni ndizi zilizopikwa na maharage, mpishi abadili kipimo: maharage yazidi ndizi. Pembeni ya kiburu isiwekwe sahani nyingine ya wali. Iwekwe mboga ya majani au kachumbari ya nyanya, vitunguu, tango na ndimu.

Mtori wa ndizi zilizopondwa hulainika sana, na chakula kilichopondwa hupandisha sukari upesi kuliko kile kilichobaki vipande. Kwa hiyo mtori unywewe katika kikombe kidogo, wenye nyama ya kutosha, na mafuta yaliyoelea juu yaenguliwe.

Dagaa ni chakula chema na cha bei nafuu. Waliokaushwa kwa chumvi waoshwe kwa maji ya moto mara mbili, kisha wapikwe kwa nyanya, pilipili hoho na ndimu badala ya kukaangwa katika mafuta mengi.

CHAI, UJI NA MATUNDA

Sukari ya chai ndiyo ngumu kuiacha. Njia nzuri ni kupunguza nusu kijiko kila wiki mpaka iishe, huku iliki, mdalasini, tangawizi au mchaichai vikiongezwa. Ulimi hujifunza. Watu wa mwambao wamekunywa kahawa chungu kwa vizazi vingi na kuifurahia. Mkulima wa kahawa hapaswi kushindwa kunywa mazao yake mwenyewe bila sukari.

Asali, sukari guru na maji ya miwa vyote ni sukari, hata kama havikutoka dukani. Soda ya kawaida ya mililita 350 yaweza kuwa na sukari gramu 30 hadi 40, ambazo ni vijiko vya chai saba na zaidi. Uji wa ulezi unywewe kikombe kimoja, bila sukari, pamoja na yai au karanga chache, na usiwe badala ya maji.

Matunda hayakatazwi, ila yaliwe yakiwa mazima, wala yasikamuliwe kuwa maji ya matunda. Pera moja, chungwa moja au nusu ya embe la kiasi yatosha kwa wakati mmoja.

HATARI YA KUPUNGUZA KUPITA KIASI

Hapa pana jambo ambalo halifai kupuuzwa. Mtu atumiaye insulini au vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini, kama glibenclamide, akipunguza chakula ghafla au akienda kuchuma kahawa bila kula, sukari yake yaweza kushuka mno. Dalili ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa kali, moyo kwenda mbio na maneno kuchanganyika. Wenzake huweza kudhani amelewa, nao wakamwacha alale. Huko ni kumpoteza.

Apewe mara moja vijiko vitatu au vinne vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu ya chupa ya soda yenye sukari. Baada ya dakika 15, akiwa bado hajapata nafuu, apewe tena. Akipata nafuu ale chakula. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni, bali akimbizwe hospitali. Kwa hiyo anayetaka kubadili chakula chake kwa kiasi kikubwa amwone kwanza mganga wa kliniki ili dawa ilingane na chakula. Mwenye figo zilizokwisha kudhurika apate pia ushauri wake, maana kiasi cha maharage, nyama na matunda kwake huenda kikawa tofauti. Mizizi na majani visichukue nafasi ya dawa aliyopewa.

WAJIBU WA CHAMA

Katika mikutano mikuu mingi, kila mjumbe hupewa soda, maandazi mawili na sahani ya pilau. Mwenye kisukari hubaki kuchagua kati ya afya yake na adabu ya kula na wenzake. Makatibu wanashauriwa kufanya mambo manne:

1. Maji safi, na chai au kahawa isiyotiwa sukari, viwepo mezani wakati wote, na sukari iwekwe kando kwa anayeitaka.

2. Mpishi wa mkutano aagizwe kuongeza kachumbari, mboga na maharage, na kila mtu ajipakulie mwenyewe.

3. Mkutano ukichelewa, chakula kisichelewe nao, kwa sababu wako waliokwisha kutumia dawa asubuhi.

4. Kituo cha afya kilicho karibu kiombwe kupima wanachama siku ya mkutano mkuu, au tarehe 14 Novemba, ambayo ni Siku ya Kisukari Duniani.

Mambo haya hayahitaji fungu kubwa katika makisio ya chama. Gharama ya maji na kachumbari haizidi ile ya soda. Nyumbani nako hakuna chombo kipya cha kununua: maharage yako ghalani, mboga ziko bustanini, na ndimu iko mtini. Kinachotakiwa ni mpishi ajue kukaanga kitunguu kwa subira, na mlaji ajue kipimo cha ngumi yake. Mwanachama atakayekula hivyo mwaka hadi mwaka, akatumia dawa zake na kukagua miguu yake kila jioni, ana tumaini kubwa la kuendelea kupanda mteremko wa shamba lake kwa miguu yake miwili.