Fahamu: Jinsi mpango wa Tusome ulivyowafunza watoto wa Kenya kusoma kwa ufasaha

Mtoto anayekwama kwenye kila silabi hufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake. Ndiyo maana ufasaha hupimwa kwa idadi ya maneno anayosoma sawasawa kwa dakika moja.

Ili kukuza ufasaha huo, Kenya ilianzisha mpango wa Tusome katika shule za umma mwaka 2015, kwa Kiswahili na Kiingereza. Kila mwanafunzi alipewa kitabu chake. Mwalimu naye alipewa mwongozo wa hatua kwa hatua: sauti, herufi, silabi, maneno, kisha hadithi fupi. Alisoma yeye kwanza, darasa likasoma pamoja naye, halafu watoto wakasoma wenyewe.

Lakini nguvu kubwa ya mpango, pengine kuliko vitabu, ilikuwa ufuatiliaji: maafisa wa elimu walifika madarasani na vishikwambi, wakawasikiliza watoto wakisoma, kisha wakamshauri mwalimu baada ya kipindi.