Moduli ya Seva ya Akiba na Suala la Upatanisho: Mfano wa Msomaji wa Ekegusii

1. Utangulizi

Katika kaunti za Kisii na Nyamira mtu mmoja huweza kutumia lugha tatu kwa siku moja: Ekegusii nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza ofisini. Tovuti inayokusudia kumhudumia mtu huyo haina budi kuuandaa kila ukurasa kwa lugha hizo tatu. Msomaji anapoomba ukurasa, kivinjari chake hupeleka pia orodha ya lugha anazozipendelea, kila moja kwa alama yake ya kimataifa: guz ni Ekegusii, sw ni Kiswahili na en ni Kiingereza. Makala haya yanaeleza jinsi upendeleo huo uwezavyo kupotea njiani, na jinsi moduli ya kuulinda inavyojengwa na kusakinishwa.

2. Kazi ya seva ya akiba

Seva ya akiba husimama mbele ya seva kuu. Ukurasa ukishatengenezwa mara moja, nakala yake huhifadhiwa, na wasomaji wanaofuata hupewa nakala hiyo pasipo kuisumbua seva kuu. Mfano mashuhuri ni Varnish, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2006. Mwandishi wake mkuu ni Poul-Henning Kamp wa Denmark, na ilibuniwa kwa ajili ya gazeti la Verdens Gang la Norwei.

Hatari yake kwa lugha ni ya namna mbili. Kwanza, seva isipoelezwa kwamba ukurasa hutofautiana kwa lugha, huwapa watu wote nakala ya yule aliyetangulia. Aliyeomba Ekegusii atapokea Kiingereza, wala hatajua kwamba maandishi ya Ekegusii yapo. Pili, seva ikishaelezwa, hulinganisha orodha nzima herufi kwa herufi. Orodha mbili zinazotaka Kiswahili, zikitofautiana kwa lugha ya tatu tu, huzaa nakala mbili za ukurasa uleule, na ghala hujaa bure.

Tiba ni kuifupisha orodha iwe alama moja tu kabla ya ghala kupekuliwa. Kazi hiyo huweza kukabidhiwa moduli.

3. Ujenzi na usakinishaji

Varnish ilianza kupokea moduli katika toleo la 3.0, mwaka 2011. Kwa kawaida moduli huandikwa kwa lugha ya C. Huambatana na faili la maelezo lenye mkia .vcc, linalotaja jina la moduli, kazi zake, na aina ya data ambayo kila kazi hupokea na kurudisha. Programu ndogo iletwayo pamoja na Varnish hulisoma faili hilo na kutunga msimbo wa kuiunganisha moduli na seva.

Kisha hufuata amri nne. Amri ya configure huitafuta Varnish iliyomo katika mashine. Make huugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Make check huujaribu. Na make install huliweka faili lililopatikana katika saraka ya moduli. Hatimaye jina la moduli hutajwa kwa neno import katika faili la maelekezo ya seva.

Jambo moja halina budi kusisitizwa. Moduli hubeba alama ya toleo la Varnish iliyojengewa. Alama hiyo isipolingana na ya seva, maelekezo yenye moduli hiyo hukataliwa. Fundi akisakinisha toleo jipya la Varnish bila kuijenga moduli upya, seva haitaanza, na kurasa za lugha zote tatu zitafungika kwa pamoja.

4. Suala la istilahi

Istilahi inayotumika kwa programu za aina hii ni programu-jalizi. Kujaliza ni kujaza palipopungua, na neno hilo humfanya mtu adhani kwamba kipande chochote kinachoingia katika pengo kinafaa. Sarufi ya Ekegusii yatoa mfano ulio sahihi zaidi. Jina Ekegusii lina kiambishi eke-, lakini egesaku, yaani ukoo, lina ege-. Kiambishi ni kilekile, ila k hugeuka g kwa sababu shina la neno la pili huanza kwa konsonanti isiyo ghuna. Hiyo ndiyo Kanuni ya Dahl. Umbo la kiambishi halijulikani mpaka shina lijulikane.

Ndivyo ilivyo moduli: umbo lake huamuliwa na seva inayoipokea. Kwa hiyo istilahi moduli ambishi yafaa kufikiriwa. Fundi aliyefundishwa kwa istilahi hiyo atatarajia upatanisho, na seva ikibadilika atajua kwamba moduli nayo yahitaji kujengwa upya.