Mwanzo wa Kushuka kwa Fimbo ya Gofu: Mwendo wa Mwili na Kani ya Ardhi

1. Utangulizi

Swali la sehemu gani ya mwili huanzisha kushuka kwa fimbo limezua mjadala wa muda mrefu katika ufundishaji wa gofu. Ben Hogan, katika kitabu chake cha mwaka 1957, alishikilia kwamba nyonga ndizo zinazoanza. Wapo wanaoanzia mikononi, na siku hizi imezoeleka kusemwa kwamba nguvu ya pigo hutoka ardhini. Makala hii inafafanua uhusiano uliopo kati ya mwendo wa mwili na kani ya ardhi. Hoja yake ni kwamba ardhi haitoi nishati ya pigo, bali hutoa tegemeo linaloiwezesha misuli kuuzungusha mwili. Asiyezingatia tofauti hiyo anaweza kusoma vipimo vya kani kana kwamba ni vipimo vya nishati. Maelezo yanamhusu mchezaji anayetumia mkono wa kulia, ambaye shabaha iko kushoto kwake.

2. Dhana ya kani ya ardhi

Kwa mujibu wa kanuni ya tatu ya Newton, iliyochapishwa mwaka 1687, mguu unaposukuma ardhi, ardhi nayo huusukuma mguu kwa kani iliyo sawa kwa ukubwa na kinyume kwa mwelekeo. Kani za misuli ni za ndani ya mwili. Zinaweza kubadili mkao wa viungo, lakini haziwezi zenyewe kusogeza kitovu cha tungamo la mwili wala kubadili jumla ya mzunguko wake. Anayeruka kutoka kwenye mtumbwi usiofungwa huona jambo hili: mtumbwi hurudi nyuma, naye hafiki alikokusudia. Vivyo hivyo, mchezaji aliyesimama mahali pasipo na msuguano akizungusha mikono kuelekea shabaha, kiwiliwili chake kitazunguka upande wa pili.

3. Mfuatano wa mwendo

Kushuka kwa fimbo huchukua takribani robo ya sekunde. Hata hivyo, kwa wachezaji mahiri, nyonga huanza kugeukia shabaha kabla fimbo haijamaliza kupanda. Hufuata kifua, kisha mikono, na mwishowe fimbo. Kwa hiyo, mwanzo hauwezi kubainishwa kwa kuitazama fimbo peke yake, kwani inapotulia juu, sehemu za chini za mwili zimekwisha kuanza safari ya kurudi. Modeli ya pendulamu mbili iliyoelezwa na Cochran na Stobbs mwaka 1968 hufafanua vizuri jinsi mikono na fimbo vinavyofunguka. Lakini kwa kuwa huchukulia kwamba egemeo lililo kati ya mabega haliondoki mahali pake, haielezi kinachotangulia chini yake.

4. Kazi tatu za kani ya ardhi

Mabamba ya kupimia kani yanayowekwa chini ya miguu huwezesha kutenganisha mambo matatu. Kwanza, mguu wa kulia husukuma ardhi kuelekea kulia, na kitovu cha tungamo huanza kusogea kuelekea shabaha. Pili, mguu wa kulia husukuma ardhi kwenda nyuma na wa kushoto kwenda mbele. Ardhi hujibu kinyume, na jozi hiyo ya kani huzigeuza nyonga kuelekea shabaha. Tatu, wachezaji wengi hujishusha kidogo, kani ya wima ikapungua chini ya uzito wa mwili. Kisha hunyoosha mguu wa kushoto, na kani hiyo hupanda hadi kuuzidi uzito huo.

Kani ya wima inapopita kushoto mwa kitovu cha tungamo, huleta momenti inayouzungusha mwili upande uleule inakokwenda fimbo. Kwa mfano, kani ya niutoni 800 inayopita sentimita 10 kutoka kwenye kitovu huleta momenti ya niutoni-mita 80. Kani hiyohiyo ikipita katikati ya kitovu, humwinua mchezaji bila kumzungusha. Hivyo, ukubwa wa kani hautoshi kueleza ubora wa pigo. Mahali inapopita na wakati inapotokea ni muhimu vilevile.

5. Chanzo cha nishati

Kichwa cha fimbo chenye gramu 200, kikienda mita 45 kwa sekunde, kina nishati ya mwendo ya takribani jouli 200. Kwa kuwa kazi hupimwa kwa kani na umbali ambao kani hiyo imesogeza kitu, kani inayotenda kwenye unyayo usiosogea haifanyi kazi yoyote. Jouli hizo hutokana hasa na misuli ya miguu, nyonga na kiwiliwili, pamoja na mchango mdogo wa uzito wa viungo vinavyoshuka.

6. Hitimisho

Mjadala wa nyonga dhidi ya ardhi umejengwa juu ya mgawanyo usiokuwapo. Nyonga haziwezi kuugeuza mwili mzima bila ardhi, na ardhi haiwezi kujibu kabla misuli haijasukuma. Kwa mwalimu, agizo la kukanyaga kwa nguvu halijakamilika mpaka lieleze ni mguu upi, kuelekea wapi na wakati gani. Kwa mtafiti, kipimo cha kani ya ardhi kisomwe pamoja na nafasi ya kitovu cha tungamo, la sivyo hakitabainisha kama mchezaji alizunguka au aliinuka tu.