Fahamu: 'Mai' ni maji, ni mwezi, au ni 'kamwe'?

Habari za Pweto, mji wa Kongo (DRC), zinapotaja "Mai-Mai", yaani makundi ya wapiganaji wa huko, msomaji wa mbali huona silaha tu. Lakini ukisimama ufukweni mwa Ziwa Mweru, karibu na pale Mto Luvua unapoanzia, utalisikia neno hilohilo kwa mtoto mwenye ndoo: anakwenda kuteka mayi. Ni maji, basi. Wapiganaji walilichukua kwa imani kwamba maji yenye dawa huwakinga na risasi, kama walivyoamini waliopigana Vita vya Maji Maji kule Tanganyika, 1905 hadi 1907.

Ulaya ni mambo mengine. Kwa Mjerumani na Mfaransa, "mai" ni mwezi wa tano, kutoka "Maius" ya Kilatini. Ndiyo maana magazeti ya Kifaransa huandika "Maï-Maï", na nukta mbili juu ya i. Bila hizo Mfaransa angesoma "me-me". Kwa Mwitaliano ni "kamwe", kwa Mromania ni "zaidi", na haya mawili ni ndugu wa tumbo moja: yote yametokana na "magis" ya Kilatini, yaani zaidi. Mhungaria naye akisema "mai" anamaanisha "ya leo".

Hakuna hata moja lenye undugu na maji yetu.

Turudi Kongo: miji ya Pweto, Mitwaba na Manono iliwahi kuitwa pembetatu ya mauti kwa sababu ya makundi ya Mai-Mai. Ni mengi, na hayafanani. Mwandishi mwenzangu, ukiripoti, litaje kila kundi kwa jina lake kamili.