Petra: Mji wa Mwamba na Namna ya Kuupangia Safari

Ikitajwa Petra, wengi hukumbuka picha moja tu: uso mrefu wa jengo la rangi ya waridi, wenye nguzo sita chini, ukichungulia mwishoni mwa ufa mwembamba wa mlima. Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni kipande kidogo cha mji. Petra ina makaburi ya wafalme, ukumbi wa maonyesho, barabara ya mawe, mahekalu, makanisa, mabirika ya maji na ngazi zinazopanda hadi vileleni. Mgeni anayeingia saa nne asubuhi na kutoka saa tisa alasiri huwa ameiona picha, mji hajauona. Makala haya yanamweleza msomaji nchi ya Yordani, uliko mji huo, na mji wenyewe, kisha yanamshauri jinsi ya kupanga safari ili nauli yake kubwa isiishie mlangoni.

Yordani ni ufalme mdogo wa Kiarabu wenye eneo la kilomita za mraba kama 89,000, chini ya sehemu moja ya kumi ya Tanzania. Kaskazini inapakana na Syria, mashariki na Iraq, mashariki na kusini na Saudi Arabia, na magharibi kuna Israeli na Ukingo wa Magharibi wa Palestina. Sehemu kubwa ya nchi ni jangwa, na wakazi wake, zaidi ya milioni 11, wamejazana kaskazini-magharibi ambako mvua hupatikana. Bahari wanaipata kwenye kona moja tu, bandari ya Aqaba iliyo kwenye Bahari ya Shamu. Kwa maji, Yordani ni miongoni mwa nchi zenye uhaba mkubwa kabisa duniani, na bila kulikumbuka hilo huwezi kuielewa Petra.

Waliouanzisha mji huu ni Wanabatea, Waarabu wa jangwani waliojua siri za visima na njia za misafara. Tayari mwaka 312 K.K. utajiri wao ulikuwa umevuma kiasi cha kumfanya Antigonus, mmoja wa majemadari waliorithi himaya ya Aleksanda Mkuu, atume jeshi kwenda kuwapora. Mali yao ilitokana na ubani na manemane. Bidhaa hizo zilitoka kusini mwa Arabuni, nchi za Yemen na Oman ya leo, zikapandishwa kwa ngamia hadi Petra, kisha zikashushwa Gaza na kuvushwa kwenda Misri, Ugiriki na Roma. Waliuza pia lami ya Bahari ya Chumvi, ambayo Wamisri waliitumia kuhifadhi maiti.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa mbali na biashara hiyo. Katika karne ya kwanza B.K., mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki aliacha mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, unaojulikana kama Periplus. Kitabu hicho kinataja barabara ya kutoka bandari ya Leuke Kome kwenda Petra, kwa Malichus, mfalme wa Wanabatea. Kurasa chache kabla, kinaitaja Rhapta, soko la mwisho la Azania, yaani pwani yetu, mahali pa kununua pembe za ndovu. Baharia mmoja aliweza kuyajua masoko yote mawili.

Lakini ubani peke yake haulishi mji jangwani. Kilichoifanya Petra iwe mji ni maji. Mvua huko ni chache, na inaponyesha hushuka kwa kishindo, ikijaza mabonde kwa dakika chache. Wanabatea waliikabili kwa njia mbili. Kwanza, kwenye mdomo wa ufa uitwao Siq, ambao ndio njia ya kuingilia mjini, walijenga bwawa na kutoboa handaki mlimani ili mafuriko yapite upande mwingine. Pili, waliyaleta maji ya chemchemi ya Ain Musa hadi katikati ya mji kwa mifereji na mabomba ya udongo wa kufinyanga, na kila pembe wakachimba mabirika ya kukingia mvua. Watu maelfu kwa maelfu wakaishi, na katikati ya jangwa wakawa na bustani yenye dimbwi.

Uhodari huo bado una maana. Mwaka 1963, bwawa la kale likiwa limeshaharibika, mafuriko yaliingia ndani ya Siq na kuua zaidi ya watalii 20 kutoka Ufaransa. Baada ya msiba huo bwawa lilijengwa upya mahali pale pale walipopachagua Wanabatea. Novemba 2018 watalii karibu 4,000 walihamishwa haraka kutoka Petra kwa sababu ya mafuriko. Kwa hiyo mlinzi akikwambia usiingie leo, mtii.

Safari ya ndani huanzia mji mdogo wa Wadi Musa, ambako ndiko kwenye hoteli na lango. Kutoka langoni unatembea kwenye njia pana yenye makaburi ya mwanzo, kisha mlima unajifunga. Siq ina urefu wa kilomita 1.2. Kuta zake zinapanda kwa makumi ya mita, na mahali pengine upana haufiki mita nne. Watu wengi huupita ufa huu mbio ili wakapige picha. Wewe usikimbie. Angalia kutani uuone mfereji ukikufuata hatua kwa hatua. Mbele kidogo kuna sanamu ya msafara iliyochongwa kwenye mwamba kwa ukubwa wa maisha halisi. Sehemu ya juu imeliwa na maji na upepo. Zilizobaki ni nyayo pana za ngamia, miguu yake, na upindo wa vazi la mtu anayemwongoza. Kila mzigo wa ubani ulioingia mjini kwa njia hii ulipita hapo, na huenda aliyechonga alitaka mgeni alijue hilo kabla hajafika.

Mwisho wa Siq ndipo panapotokeza Al-Khazneh, lile jengo la kwenye picha, yenye kimo cha mita kama 40 na upana wa mita 25. Ukisogea karibu, tazama pembeni mwa uso wake, kulia na kushoto: kuna safu za matundu yaliyopanda wima hadi juu. Hayo yanahusishwa na mafundi walioanza kazi juu na kushuka nayo hadi chini, kwa sababu mwamba ukishakatwa haurudishiki. Kisha inua macho uutazame mtungi wa jiwe ulio kileleni. Una alama za risasi. Wabedui waliamini kuwa Farao alificha hazina humo, wakawa wanaufyatulia bunduki ili upasuke. Mtungi ni jiwe tupu, ndani na nje. Wataalamu wengi wanaona jengo hili ni kaburi la mfalme Areta wa Nne, aliyetawala kuanzia mwaka 9 K.K. hadi 40 B.K. Wasomaji wa Biblia wanamjua: ndiye yule ambaye Mtume Paulo anamtaja katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho anaposimulia alivyotoroka Dameski. Mwaka 2024 wanaakiolojia walifukua kaburi chini ya uwanja wa jengo hili na kukuta mifupa ya watu wasiopungua 12.

Hapo wengi hugeuza, na hapo ndipo mji unapoanza. Bonde linapanuka. Kushoto kuna ukumbi wa maonyesho wenye ngazi za kukalia zilizochongwa mlimani. Kulia, Makaburi ya Kifalme, ambayo miamba yake ina michirizi ya rangi nyekundu, njano, zambarau na nyeupe, kazi ya madini ya chuma na manganizi yaliyomo kwenye jiwe. Moja ya makaburi hayo liligeuzwa kanisa katika karne ya 5. Mbele kuna barabara yenye nguzo na hekalu la Qasr al-Bint, moja ya majengo machache yaliyojengwa kwa mawe ya kupangwa ambayo kuta zake zingali zimesimama. Baada ya hapo unapanda ngazi kama 800 hadi Ad-Deir, uso wa mwamba unaokaribia mita 50 kwa kimo na vilevile kwa upana, mkubwa kuliko Al-Khazneh. Kupanda kunachukua kama saa nzima kwa mtu wa kawaida. Anayefika juu alasiri hulikuta jua likiuangaza uso wote, na akitazama ng'ambo huona kuba jeupe juu ya Jabal Harun, mahali panapoheshimiwa na Waislamu, Wakristo na Wayahudi kuwa kaburi la Nabii Haruni.

Petra ilichukuliwa na Roma mwaka 106 B.K., wakati wa Kaisari Trajan. Misafara ikahamia njia nyingine, biashara ya ubani ikapita zaidi baharini, na tetemeko la mwaka 363 likabomoa sehemu kubwa ya mji. Hata hivyo watu hawakuondoka mara moja. Mwaka 1993, katika kanisa la enzi za Bizanti, zilipatikana hati za mafunjo zilizoungua, karibu 140, nyingi zikihusu mali, mirathi na ndoa za wakazi wa karne ya 6. Ulaya ilipata habari za mji huu mwaka 1812, pale Mswisi Johann Ludwig Burckhardt, akiwa amevaa kama Mwislamu, alipodai ana nadhiri ya kuchinja mbuzi kwenye kaburi la Haruni ili aongozwe hadi huko. Vitabu vingi husema aliugundua. Lakini Wabedui waliomwonyesha njia hawakuwahi kuupoteza. Watu wa kabila la Bdul waliishi ndani ya mapango yake hadi miaka ya 1980, walipohamishiwa kijiji cha Umm Sayhoun, mwaka 1985 Petra ilipoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wengi wao leo ndio waongozaji na wauza chai utakaokutana nao.

Sasa tuje kwenye mipango. Anza na viza. Masharti ya Yordani hutegemea pasipoti: wapo wanaopewa viza uwanja wa ndege na wapo wanaotakiwa kupata kibali kabla ya kusafiri. Uliza ubalozi na shirika la ndege kabla ya kulipa chochote. Anayeruhusiwa kupata viza akifika, anaweza kununua mapema kwa intaneti Jordan Pass, inayouzwa dinari 70, 75 au 80 kulingana na siku utakazoingia Petra, na inayofuta ada ya viza ya dinari 40 ukikaa nchini angalau usiku tatu. Dinari moja ni kama dola 1.40 za Marekani. Thibitisha bei zote unapokaribia kusafiri. Fuatilia pia hali ya usalama ya eneo zima: Petra ilipokea watalii zaidi ya milioni moja mwaka 2019, lakini vita vya Gaza vilivyoanza Oktoba 2023 viliwapunguza sana, ingawa mapigano yenyewe yalikuwa nje ya mipaka ya Yordani.

Msafiri wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kupitia Doha, Dubai, Cairo au Istanbul hadi Amman. Kutoka Amman, Petra ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari, na lipo basi la kampuni ya JETT linaloondoka asubuhi. Miezi mizuri ni Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba. Kiangazi kinachoma. Majira ya baridi usidhani jangwa ni joto: Wadi Musa iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na theluji huanguka baadhi ya miaka, kwa hiyo beba koti zito. Chukua viatu ulivyokwisha kuvizoea, kofia, na maji zaidi ya unavyodhani. Vaa kwa stara kama unavyovaa Unguja mjini. Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana. Anayeshindwa kutembea, tangu 2021 kuna magari madogo ya umeme ya kumfikisha Al-Khazneh. Punda aliyechoka na mwenye vidonda usimpande, hata ukibembelezwa.

Ukiwa umefika huko, ongeza usiku mmoja Wadi Rum, jangwa lenye majabali mekundu lililo mwendo wa chini ya saa mbili kusini. Nalo limo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2011, likiwa na maelfu ya michoro na maandishi ya kale miambani. Wabedui hukupokea kambini kwa chai, na usiku hufukua zarb, nyama na mboga zilizoivia ndani ya shimo chini ya mchanga. Wanaosafiri kwa ajili ya ibada wana mengi njiani: Mlima Nebo na Al-Maghtas, mahali panapoaminika Yesu alibatizwa, na, karibu na Karak, makaburi ya masahaba waliouawa katika vita vya Mu'tah, akiwemo Jafar bin Abi Talib.

Gawanya siku zako hivi: usiku mmoja Amman, mbili Wadi Musa, mmoja Wadi Rum. Siku ya kwanza Petra, ingia lango linapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, umalize Siq, Al-Khazneh na makaburi. Ya pili panda Ad-Deir bila haraka. Wakala akikuuzia safari ya kwenda na kurudi Petra siku moja, mkatalie. Anayeingia nchini na kwenda Petra bila kulala Yordani hutozwa dinari 90. Anayelala, kama hana Jordan Pass, hutozwa dinari 50 kwa siku moja na 55 kwa siku mbili. Siku ya pili, ile inayokuonyesha mji, bei yake ni dinari 5.